Tuliuliza Habari za Waliopotea: Tathmini ya Mashirika ya Vijana Nairobi

Chama chetu kina wanachama 19, wengi wetu tukiwa tulisoma pamoja katika shule moja ya Eastlands, na kwa miaka sita mfululizo tulipeleka mchango wetu wa mwaka kwenye makao ya watoto yaliyo nje kidogo ya jiji la Nairobi bila kuuliza maswali mengi. Kila Desemba tulibeba unga, mafuta, sabuni na mablanketi, tukaimbiwa nyimbo mbili tatu, tukapigwa picha na watoto waliopangwa kwa kimo, tukarudi nyumbani roho zikiwa nyeupe. Mwaka wa saba mwenzetu mmoja, akiwa amekwama kwenye msongamano wa magari, aliuziwa maji na kijana aliyemwita kwa jina. Alikuwa mmoja wa watoto wale wa picha. Siku alipotimiza miaka 18 aliondolewa makaoni akiwa na begi la nguo na cheti cha ubatizo, akaenda kulala kwa mtu waliyejuana barabarani, na tangu hapo hakuna aliyepiga simu kumuulizia. Tulipowaendea wasimamizi walituambia, kwa upole na bila aibu, kwamba mtoto akishatoka si mtoto tena.

Ndiyo sababu mwaka uliofuata tulikataa kutoa Sh 480,000 za mchango wetu kabla ya kuchunguza zinakokwenda. Kamati ya watu watatu, nami nikiwa katibu wake, ilitumia miezi minne kusoma hesabu, kutembelea ofisi na karakana, na kupitia yaliyoandikwa kuhusu mashirika makubwa ya jiji hili. Haya ni maoni ya kamati hiyo, na pale nilipotofautiana na wenzangu nimesema wazi. Mashirika madogo tuliyoyatembelea sitayataja, yawe mazuri au mabaya, kwa kuwa mtaa wa mabanda ni mdogo na kijana anayesimuliwa hapa anaweza kutambuliwa na jirani yake kwa jina la karakana tu.

Karatasi hazikutuchukua muda mrefu. Kenya ilipitisha Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma mwaka 2013, ikakaa kabatini zaidi ya miaka kumi hadi ilipoanza kutumika tarehe 14 Mei 2024, ikichukua nafasi ya ile ya mwaka 1990 iliyosimamia mashirika yasiyo ya kiserikali. Mfadhili mdogo kama sisi anaweza kuomba cheti cha usajili, hesabu zilizokaguliwa na majina ya wanabodi, na shirika linalosita kuvitoa limekwisha kujibu. Mashirika mawili yaliondoka kwenye orodha yetu hapo: moja lilitaka fedha zitumwe kwenye nambari ya simu ya mkurugenzi badala ya akaunti ya shirika, na lingine lilikuwa na bodi ya watu watano, wanne wao wa ukoo mmoja. Zaidi ya hapo karatasi hazisemi kitu. Makao yaliyotuangusha yalikuwa na cheti, hesabu safi na ripoti yenye picha za rangi.

Kuhusu makao ya watoto kwa jumla, kamati haikubishana sana. Tangu Novemba 2017 serikali ilisitisha usajili wa makao mapya, na mwaka 2022 ilizindua mkakati wa kitaifa wa miaka kumi wa kuwarudisha watoto kwenye familia na jamii zao. Sababu yake inajulikana na kila anayefanya kazi hii: wengi wa watoto walio makaoni wana mzazi au ndugu aliye hai, na kilichowatenga naye ni karo, kodi ya nyumba au ugonjwa, mambo ambayo mara nyingi yangetatuliwa kwa fedha zilezile zinazolipia malezi ya makaoni. Kitanda kikilipiwa kitapata wa kukilalia. Wapo watoto, hasa waliodhulumiwa nyumbani kwao, ambao lazima wapate pa kulala usiku huohuo, na sisemi wafungiwe milango. Ila chama chetu kimeacha kununua mablanketi.

Lililobaki ni swali moja, tulilofundishwa na yule muuza maji. Katika kila ofisi tuliuliza: katika vijana mliowapokea miaka mitatu iliyopita, tupeni habari za waliopotea. Hatukuuliza habari za waliofaulu, maana waliofaulu huwa wamekwisha kutundikwa ukutani.

Ofisi ya kwanza, yenye milango ya vioo na mashine ya kahawa, ilituonyesha kwenye skrini kwamba zaidi ya asilimia 90 ya vijana wake walikamilisha mafunzo. Tulipotaka kujua habari za waliosalia, afisa alisema hao walikosa nidhamu. Tulipouliza kama waliokamilisha wana kazi, alisema kwamba shirika lake hupima ukamilishaji. Kukamilisha mafunzo ya wiki sita ambayo chakula chake cha mchana ni bure si jambo la ajabu, na hata mimi ningekamilisha. Ofisi ya pili ilituletea kijana aliyefaulu ili atoe ushuhuda, akautoa kwa ufasaha wa mtu aliyeurudia mara hamsini, nasi tukashindwa kumuuliza lolote kwa kumwonea huruma.

Jibu tulilokuwa tukilitafuta lilitoka katika chumba cha mabati kando ya karakana ya uchomeleaji, kwa mama wa makamo ambaye vijana wake humwita Mama tu, na ambaye zamani alikuwa mshonaji. Alitukaribisha chai ya tangawizi, akaandaa kiti kwa mkubwa wetu kwanza, kisha akatoa daftari la shule lililofunikwa kwa gazeti. "Karibuni, wazee wangu, lakini habari zenyewe si njema zote," alisema, akaanza kusoma. Mwaka tuliouuliza alipokea vijana 31. Kumi na saba wako kazini, wengi wao kwa mafundi walewale waliowafunza. Watano walirudi kwa watu wao mashambani. Watatu wako jela, na alitaja jela ipi na mara ya mwisho alipokwenda kuwaona. Wawili wamekufa, mmoja mikononi mwa umati na mwingine kwa risasi ya polisi. "Wanne siwajui waliko," alimalizia, "na hao ndio wanaoninyima usingizi." Ukiweka hesabu yake kando ya ile ya ofisi ya vioo, yake ni mbaya zaidi, na ndiyo tuliyoiamini.

Njia anayoitumia Mama hakuibuni yeye. Mwaka 1973 padre Mholanzi, Arnold Grol, alianzisha Undugu Society of Kenya kwa ajili ya wavulana wa mitaani ambao Nairobi ya wakati ule iliwaita "parking boys", kwa kuwa waliishi kwa kuwaonyesha wenye magari mahali pa kuegesha na kupewa senti. Undugu ilijifunza mapema kwamba kijana aliyezoea uhuru wa barabara hawezi kukalishwa darasani miaka yote ya shule ya msingi, ikaunda elimu ya msingi iliyofupishwa, kisha mwaka wa ufundi, na baadaye ikawapeleka vijana kwa mafundi wa jua kali badala ya kujenga karakana zake yenyewe. Tofauti inaonekana ndogo kumbe ni kubwa. Karakana ya shirika hufungwa mfadhili anapoondoka, lakini fundi wa Gikomba au Kariobangi atakuwepo kesho, ana wateja, anajua bei ya chuma asubuhi ya leo, na kijana akiweza kazi huachiwa kazi ndogondogo azimalize kwa mfuko wake. Kasoro ya njia hii ni kwamba fundi ni mtu: yuko anayefundisha, na yuko anayemfanya mwanagenzi kuwa mfagiaji wa bure kwa mwaka mzima. Anayefadhili mafunzo ya jua kali lazima aulize nani humtembelea fundi, na mara ngapi. Mama huwatembelea kila wiki mbili, akijifanya amekuja kununua bawaba.

Shirika kubwa lililotushughulisha kuliko yote ni Mathare Youth Sports Association, shirika la michezo la vijana wa mtaa wa mabanda wa Mathare, ambalo kwetu Eastlands hujulikana kwa kifupi tu kama MYSA. Lilianzishwa mwaka 1987 na Bob Munro, Mkanada aliyekuwa mshauri wa mambo ya mazingira na maendeleo hapa Nairobi, kama ligi ya watoto waliokuwa wakicheza kwa mpira wa mifuko ya plastiki iliyofungwa kamba. Wenye ligi za watoto ni wengi. Kilicholitenga MYSA na wengine ni kanuni iliyozaliwa na taka. Mathare ya wakati ule, kama sehemu kubwa ya Mathare ya leo, haikuzolewa taka, mitaro iliyoziba ilileta mafuriko na maradhi, basi ligi ikaamua kwamba timu inayosafisha eneo lake hupewa alama 6 kwenye msimamo, yaani mara mbili ya alama za ushindi. Timu inaweza kufunga mabao Jumamosi baada ya Jumamosi na bado ikapitwa na ile iliyoshika majembe na toroli. Mwaka 1992 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa liliipa MYSA tuzo yake ya Global 500. Timu ya wakubwa, Mathare United, iliundwa mwaka 1994, ikatwaa Kombe la Moi mwaka 1998 na ubingwa wa ligi kuu ya Kenya mwaka 2008, na wachezaji wake walidaiwa kazi ya jamii kila mwezi kama watoto wa mtaani kwao.

Vikombe ni vya mashabiki. Mfadhili anapaswa kutazama mahali alama zinapokwenda baada ya mechi. Katika mfumo wa MYSA mtoto hupata alama zake binafsi kwa kusafisha, kwa kuwafunza wadogo zake, kuwa mwamuzi, kukaa kwenye kamati ya eneo lake, na wenye alama nyingi hupewa msaada wa karo unaolipwa shuleni. Maana yake ni kwamba karo haimwendei mtoto anayelia vizuri mbele ya mgeni, wala mpwa wa mkurugenzi, ila yule ambaye wenzake wanajua alichofanya. Kamati zenyewe huchaguliwa na vijana. Nimekaa kwenye vyama vya watu wazima vyenye katiba nene ambavyo havijafika hapo. Kanuni yao ya siku zote, kwamba ukifanya jambo MYSA nayo itafanya jambo na usipofanya nayo haifanyi, huwaudhi wageni wenye huruma nyepesi, lakini aliyekulia Mathare anaielewa haraka, kwa sababu ndiyo kanuni ya majirani.

Wasichana waliingizwa ligini mwanzoni mwa miaka ya tisini, jambo ambalo halikuwa jepesi, kwani kazi za nyumba za Jumamosi ni zao na mama anayefua nguo za watu hana mwingine wa kumwachia mtoto mchanga. Shirika limewahi pia kuwashughulikia watoto walioshikwa na polisi na kuwekwa rumande kwa kosa la kukosa pa kulala, likipeleka chakula, likisafisha vyumba, likiwatafutia ndugu zao. Kwa kamati yetu hiyo ilikuwa dalili nzuri, kwa sababu ni kazi isiyopigika picha.

Udhaifu wa MYSA, kwa macho yangu, uko mahali palepale penye nguvu yake. Ligi humpata mtoto anayeweza kuamka Jumamosi na kufika uwanjani, aliye na watu wa kumwambia aoge. Anayelala nje ya duka na chupa ya gundi shingoni hafiki. Mmoja wa wenzangu kwenye kamati alisema kwamba kumzuia mtoto asianguke ni bora kuliko kumwokota, na kwa hesabu ya shilingi yuko sahihi; mimi nilimjibu kwamba aliyekwisha kuanguka naye ana mama. Hatukumaliza. Jambo jingine ni kwamba shirika hili kwa muda mrefu limeegemea wafadhili wa nje, wakiwemo wa Norway, na tangu Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, kila mwenye mfadhili wa ng'ambo hapa nchini amejifunza jinsi bomba linavyoweza kufungwa kwa siku moja. Hiyo ni sababu ya wenyeji kuchangia, si ya kukimbia.

SHOFCO (Shining Hope for Communities) ya Kibera, aliyoianzisha Kennedy Odede mwaka 2004 akiwa kijana wa mtaa huohuo, nitaipitia kwa haraka. Shule zake za wasichana, mabomba yake ya maji yanayopita juu ya mapaa na vikundi vyake vya wenyeji vinastahili sifa zote vilizopewa, ikiwemo tuzo ya Hilton ya mwaka 2018 yenye dola milioni 2. Kwa shirika la kimo hicho Sh 480,000 ni tone la mvua ziwani. Kampuni au taasisi yenye fedha nyingi haitakosea kubisha hodi pale. Chama cha watu 19 kinatafuta mahali ambapo mchango wake ukikosekana mtu atauona umekosekana.

Tulikaa sana na suala la vijana wakubwa, wa miaka 18 hadi 30, waliokwisha kuonja wizi na magenge, kwa sababu wafadhili wengi huwakwepa na kukimbilia watoto wadogo wenye macho ya kupendeza. Utafiti ulionigeuza mawazo ulifanyika Monrovia, Liberia, kwa wanaume 999 waliokuwa wakiishi kwa uhalifu na biashara za dawa za kulevya. Waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine walipata wiki 8 za mazungumzo ya kurekebisha fikra na mienendo, yakiongozwa na watu waliopitia maisha hayohayo, wengine walipata dola 200 taslimu, wengine walipata vyote viwili, wengine hawakupata kitu. Fedha peke yake zilisaidia kwa muda mfupi, zikayeyuka. Mazungumzo peke yake yalituliza mambo mwanzoni kisha nguvu yake ikafifia. Waliopata vyote viwili, walipofuatiliwa miaka 10 baadaye, uhalifu wao ulikuwa umepungua kwa takriban nusu ukilinganisha na wasiopata kitu. Mweka hazina wetu, ambaye ni mtu wa benki na haamini maneno matamu, alisoma matokeo hayo mara mbili, kisha akauliza kama kuna anayefanya hivyo hapa Nairobi kwa bei ya chama.

Hapa kwetu Taasisi ya Shamiri imeonyesha upande wa pili wa jambo hilohilo. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2021, lililohusisha wanafunzi 413 wa sekondari nchini Kenya wenye dalili za sonona au wasiwasi mkubwa, vijana wa kawaida waliomaliza shule juzijuzi, wasio madaktari, waliongoza mikutano minne ya saa moja moja, na dalili zikapungua kuliko kwa wenzao waliofundishwa mbinu za kusoma tu. Kazi hiyo ni ya wanafunzi, na kijana wa karakana hamo shuleni. Hata hivyo ilituondolea fikra kwamba mazungumzo ya namna hii lazima yangoje daktari ambaye hatuna uwezo wa kumlipa. Tulipomweleza Mama, alicheka. Kila Alhamisi jioni vijana wake hukaa na bwana mmoja aliyetumikia kifungo cha miaka 7, wakazungumza jinsi ya kumeza tusi bila kuchomoa kisu. Bwana huyo halipwi hata nauli.

Nauli hiyo ilizua ubishi mkali kuliko yote tuliyopitia. Baadhi ya wanachama walitaka kila shilingi "imfikie kijana", na shirika linalotumia fedha kwa mishahara lilikuwa kwao shirika la ulaji. Nauelewa wasiwasi huo. Tumeona magari makubwa ya mashirika yakipita mtaani vioo vikiwa juu. Lakini katika kazi hii huduma yenyewe ni mtu. Mashine ya kuchomelea haimtembelei kijana jela, na daftari halijiandiki. Shirika linalojisifu kwamba halilipi wafanyakazi huwa linawalipa kwa uchovu, nao wakichoka huondoka na majina yote kichwani. Niliomba tupige kura, na mweka hazina, ambaye nilidhani atakuwa upande wa pili, ndiye aliyenyoosha mkono wa kwanza.

Kuna kipimo kidogo ambacho hakikuwa kwenye orodha yetu. Mama alitukataza kupiga picha za vijana. Mkubwa wetu, aliyezoea Desemba zetu za makaoni, aliona ni ukosefu wa adabu kwa wageni, akasema hivyo kwa sauti. Mama alimjibu taratibu, "Mzee wangu, huyu akipata mchumba kesho, picha yako itamsaidia nini?" Ofisi ya vioo ilikuwa imetupa picha za watoto, na majina yao kamili chini yake, kabla hatujaketi.

Uamuzi ulikuwa huu. Sh 300,000 zimekwenda kwa Mama kwa awamu tatu: posho ya mwezi ya bwana wa Alhamisi, nauli za kuwatembelea mafundi na walio jela, na akiba ya vifaa, ambapo kijana aliyemaliza kwa fundi na kuhudhuria mazungumzo bila kukatiza hupewa mtaji wa kuanzia kwa njia ya zana, si taslimu, jambo ambalo bado naliona ni woga wetu. Sh 180,000 zimekwenda MYSA bila masharti ya matumizi, kwa hoja ya mwenzangu kuhusu kuzuia. Hatukudai ripoti ya rangi. Tulidai nakala ya ukurasa wa daftari kila baada ya miezi minne, majina yakiwa yameondolewa, na hesabu ya waliopotea ikiwa juu kabisa.

Yule muuza maji tulimpeleka kwa Mama mwenyewe, akapangwa kwa fundi wa magari. Alikwenda wiki tatu, kisha hakuonekana. Ukurasa wa kwanza ulipofika, nilihesabu: wasiojulikana waliko walikuwa wawili, na mbele ya mmoja wao Mama alikuwa ameandika kwa penseli kwamba amekwenda barabarani kumtafuta mara mbili, na kwamba Jumanne atakwenda tena.